Vilima vya Stanislausi

Stanislausi alimwoa dada yangu Nyangi zamani za Mwingereza, wakajenga Butiama, chini ya kilima. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za nchi yetu. Mwanzoni zilijaa watu: wanawake wa Musoma wakipara magamba ya sato, vijana wa Buswahili nyuma ya ng'ombe, vumbi, mbwa.

Kisha wazungu wa boma wakaanza kumsifu, na yule mpumbavu akavimba kichwa. Akavaa kofia ya pama, akaacha kutusalimia. Watu, alisema, wanachafua nchi. Mwaka hadi mwaka tukapungua pichani. Kwanza tulikosa sura. Kisha tukawa vidoadoa. Mwisho vikabaki vilima na anga.

Alipochora Bugwema, aliuacha nje mji wa Machage, nyumba na zizi la mkulima rafiki yetu. Nilimuuliza kwa nini.

"Uchafu ule?" alijibu, bila hata kugeuka.

Wiki ile nilipita Bugwema. Mji wa Machage haukuwapo. Hapakuwa na majivu wala magofu, ni majani marefu tu. Jirani akaninong'oneza, "Machage yupi? Hapa hajakaaga mtu."

Nilikwenda mbio Butiama kumwonya shemeji. Nilimkuta kilimani, mchana kweupe, akichora mji wake mwenyewe. Miti ilikuwamo. Mawe yalikuwamo. Nyumba haikuwamo.

"Shemeji, dada yuko ndani," nilinong'ona.

Alinitazama kana kwamba mimi ni mbuzi aliyeingia kanisani. "Kibanda kile kinaharibu picha."

Akapaka rangi ya mwisho. Kijani.

Tuligeuka kutazama chini. Nyumba haipo. Nikaita Nyangi. Nikaita tena. Hata ndege hawakulia.

Hapo kiburi kilimtoka. Akashika brashi amchore mkewe, amrudishe. Likatoka jiwe. Akajaribu tena. Jiwe. Kwa miaka yote ya kudharau watu, mkono wake ulikuwa umesahau uso wa mtu. Alichora hadi akaota mvi, mawe matupu, na alikufa akiniuliza macho ya Nyangi yalikuwaje. Mume gani huyo.

Mimi bado nakwendaga pale. Hakuna njia, hakuna anayekaa, majani yanafika kiunoni. Lakini kila nikifika asubuhi, katikati ya majani hayo pale ulipokuwa mlango wa dada yangu, nakuta uwanja mdogo umefagiwa. Alama za ufagio bado mbichi.