Sabuni ya Kichanja cha Chini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kujitolea, maana hakuna aliyenituma. Nalisema mapema ili msije mkamtafuta mwingine huko mbele.

Asubuhi ilianza kama asubuhi zote za kwetu. Niliwafungulia mbuzi, nikamwagilia mboga, nikafagia uwanja. Shamba letu lilikuwa dogo kiasi kwamba mbuzi akinyoosha shingo alikuwa amekwisha vuka mpaka. Alizeti yetu ilijaza magunia machache tu. Tungeuza mafuta yake vivi hivi, tusingefika mbali. Ndiyo maana mama aliyageuza kuwa sabuni. Sabuni ndiyo iliyotununulia madaftari, chumvi na dawa za mbuzi.

Katika stoo yetu kulikuwa na vichanja viwili vya fito. Sabuni ikishakatwa vipande, ililazwa kwenye kichanja cha chini, ikakaa hapo zaidi ya mwezi ikikauka. Hiyo mama aliiita sabuni changa, kwa sababu kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilikuwa bado haijatulia ndani yake. Muda ukifika, mama aligonganisha vipande viwili karibu na sikio. Vikilia kama mawe, vilipanda kichanja cha juu, tayari kwa soko. Vikilia kama viazi, vilirudi kulala.

"Sabuni changa ina meno," alizoea kutuambia.

Hayo yote niliyajua. Nisingeyajua, ningekuwa na kisingizio.

Kwa kawaida dada yangu ndiye aliyeuza sokoni. Siku hiyo alibaki kumsaidia mama kupalilia, zamu ikaniangukia mimi. Dada akasimama mlangoni, jembe begani, akacheka.

"Leo Povu ndiye muuzaji! Mama, tuandae mahali pa kuziweka zikirudi."

Povu ndilo jina nililopewa nyumbani kwa wingi wa maneno yangu. Niliingia stoo nimenuna, nikiapa moyoni kwamba hakitarudi hata kipande. Nikatazama kichanja cha juu. Vipande vilikuwa vimepauka, vina vumbi jeupe kama magoti ya mtoto asiyepaka mafuta. Nikatazama cha chini. Vya huko vilikuwa laini, vinang'aa, rangi ya siagi, na vinanukia mchaichai hadi mlangoni. Nikajiambia: mteja hununua kwa macho. Nikajaza kikapu kutoka chini, nikafunika na kitambaa, nikaondoka kabla mama hajatoka shambani.

Sokoni nilikuwa moto. Niliweka beseni la maji mbele yangu, na kila alipopita mtu nilinawa mikono upya.

"Njooni muone! Sabuni inayotoa povu kabla hujaigusa!"

Fundi baiskeli akanunua. Fundi cherehani akanunua. Akaja bibi mmoja aliyejifunga kilemba cha buluu, akanusa kipande, akatabasamu.

"Mjukuu wangu hajamaliza hata wiki duniani," alisema. "Jioni hii ataoga kama mtoto wa mfalme."

Nikamwongezea kipande cha bure. Siku hiyo mkono wangu haukuwa wa birika.

Nilirudi nyumbani jua likianza kulegea, kikapu kitupu kichwani, nikiimba. "Dada yuko wapi? Aje akague kikapu!"

Mama alikuwa akichota maji mtungini. "Zote zimekwisha?"

"Zote, mama!"

"Ulichukua za kichanja gani?"

"Cha juu." Hata mate sikumeza.

Mama alikuwa akitazama mikono yangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa najikuna.

"Hebu nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Viganja vilikuwa vyekundu, na ngozi katikati ya vidole ilikuwa imeanza kuchanika. Vilikuwa vikiwaka tangu mchana; mimi nikasingizia jua.

"Mdomo wako unasema juu, mikono yako inasema chini," mama alisema. "Nimwamini nani?"

Nikainamisha kichwa. Mama akaivuta mikono yangu, akaimwagia maji kata baada ya kata. "Nani kanunua? Taja mmoja mmoja."

Nikaanza kutaja. Fundi baiskeli. Fundi cherehani. Halafu ulimi wangu, ambao haujawahi kukwama tangu nizaliwe, ukakwama.

"Mama... kuna bibi mmoja. Ana mjukuu mchanga. Alisema atamwogesha jioni hii."

Kata ikamponyoka mama mkononi.

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

Mama akamwita dada, akamtuma sokoni akawatafute wanunuzi wote. Mimi na mama tukashika njia ya kwa fundi baiskeli, maana fundi huyo anajua kila mlango wenye baiskeli. Sijawahi kumwona mama akikimbia. Siku hiyo nilishindwa kumfikia.

Tulimkuta fundi akipuliza vidole vyake. "Ewe kijana! Sabuni yako inatoa grisi pamoja na mwenye grisi!"

"Osha kwa maji mengi, fundi, na hiyo sabuni usiiguse tena," mama alisema akihema. "Tunamtafuta bibi wa kilemba cha buluu."

"Nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bati. Kwani kuna—"

Hatukusubiri amalize. Jua lilikuwa limegusa mapaa. Tulipoukaribia mlango wa bati, tukasikia mtoto mchanga akilia, kilio cha kukata pumzi. Mama akausukuma mlango bila kubisha.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu yu uchi mapajani, beseni la maji linafuka mvuke kando. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kitambaa kilichojaa povu.

"Bibi, usimpake!" nilipiga kelele.

"Hodi siku hizi haipigwi?" bibi aliuliza. "Mtoto analia baridi, nanyi mnanipigia kelele."

"Shikamoo, mama," mama yangu alisema. "Nakuomba weka chini kitambaa hicho. Sabuni hiyo haijakomaa. Itamuunguza."

"Haijakomaa? Nimeinunua kwa hela yangu. Mnataka kuichukua mkaiuze ghali zaidi?"

"La, mama. Nitakurudishia hela yako."

"Lakini huyu mwanao alikuwa akinawa nayo mbele ya macho yangu, akiisifu mpaka mate yanamruka. Sasa mwongo ni nani, yeye au wewe?" Na kitambaa kikasogea tena kuelekea kifua cha mtoto.

Mama angeweza kujibu. Badala yake alinigeukia mimi, akaniachia swali lile.

"Mwongo ni mimi, bibi," nikasema. Nikasogea mpaka alipo, nikamnyooshea viganja vyangu. "Nimenawa nayo mchana kutwa. Tazama."

Bibi akatazama. Akakitupa kitambaa kama aliyeshika nyoka, akausuuza mkono wake harakaharaka, akamkumbatia mjukuu kifuani. Mama akaenda kuchemsha maji mengine. Mtoto wa mfalme akaoga maji matupu, akanyamaza, akalala.

Tulimkuta dada nyumbani ameketi kando ya kikapu. Kilikuwa kimejaa tena pomoni.

"Si nilisema tuandae mahali?" alisema. "Mjinga wewe, Povu!"

"Mama, mwambie dada aache kuniita mjinga!" nililalamika. "Kwanza nimesema kweli mbele ya bibi. Pili, kwani nani kaumia? Si mimi mwenyewe tu na vidole vya fundi?"

Mama alikuwa akivirudisha vipande kwenye kichanja cha chini, kimoja kimoja. Hakugeuka.

"Kazi ya mikono haiharakishwi, na mteja hadanganywi," alisema. "Kweli uliyoisema jioni ungeisema asubuhi, tusingekimbia. Na jina hilo la mjinga, mwanangu, lipokee kwa mikono miwili uende ukalale. Angeungua yule mtoto, leo ungeitwa jina jingine."