Kilichokuwa Kibindoni mwa Mwishehe

Habari hii ni ya kweli tangu neno la kwanza. Mwandishi ameiapia kwa jogoo wake mwekundu: atakayekamata uongo humu, jogoo ni wake.

Zamani za Mwingereza, vita vya pili vilipokwisha, Temeke palikuwa na fundi cherehani jina lake Mwishehe. Tangu asubuhi alikaa barazani, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Mkewe, Chausiku, alipika vitumbua. Binti yao, Mwajabu, alishona vifungo.

Kisha wezi wakaingia mtaani. Walichukua cherehani ya fundi wa mtaa wa pili, wakamwachia kiti. Mwishehe akakosa usingizi. Yake ikiibwa, watakula nini?

Baharia mmoja akampa bastola, naye akamshonea suti. Mwishehe akaifunga bastola kibindoni, kwenye pindo la msuli wake, chini ya kanzu.

"Hicho kinachovimba ni nini?" Chausiku akauliza.

"Ugoro."

"Ugoro wa mtaa mzima?"

Mwishehe alidhani sasa atatulia. Wapi! Alikaa upande kama mwenye jipu. Sokoni mtu akimgusa bega, aliruka. Akaanza kuwatazama watu viunoni. Yule mbona shati lake limetuna? Kama mie nimeficha, wenzangu je? Mwisho hakujua kama anawaogopa wezi au majirani.

Akamwendea Fakihi, muuza mkaa. Fakihi alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, alipigana hadi Bama, ng'ambo ya Bara Hindi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, fundi."

"Kuna mtu namjua. Ana bastola, anatembea nayo kaificha. Ni vizuri hivyo?"

"Mtu huyo ana cherehani?"

Mwishehe akakohoa. "Anayo."

"Ana kibali cha Boma?"

"Hana."

"Basi anaweza kufungwa. Haya, anaificha ili nani asiione?"

"Wezi."

"Wasipoiona, wataiogopaje?"

Mwishehe akafikiri. "Basi aionyeshe."

"Akiionyesha, polisi watamkamata. Na mwizi atajua kitu cha kuiba."

"Basi aifiche."

"Tumerudi pale pale."

"Kaka, umenichanganya."

"Sijakuchanganya wewe. Nimemchanganya yule mtu unayemjua."

Fakihi akakung'uta vumbi la mkaa mikononi. "Sikiliza. Jeshini bunduki ilionekana. Kila mtu alijua nani anayo, akajihadhari. Tulifundishwa kwanza, na kulikuwa na mkubwa wa kutuuliza. Ya kibindoni nani ataiuliza? Mke haijui. Mtoto haijui. Rafiki akija na mzaha, haijui."

"Na mwizi akija na panga?"

Fakihi akapandisha mkono wa shati. "Hilo ni swali la haki. Ila mie kovu langu hili nililipata kwa mwenzangu, tena aliyenipenda. Alidhani mie ni adui."

Mwishehe akarudi nyumbani. Airudishe? Abaki nayo? Alilala nayo, akaamka nayo.

Siku chache baadaye shangazi yake akafariki. Watu wakajaa uani kwa matanga. Mwajabu alikaa mkekani akichambua maharage. Akaingia Gregori, Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani akija msibani ananyakua atakacho. Kumkasirikia ni aibu.

"Marehemu ameniachia urithi," Gregori akasema. "Huyu Mzaramo bahili ameuficha kibindoni."

Watu wakacheka. Mwishehe akashika tumbo.

"Gregori, leo usifanye hivyo. Tafadhali."

"Kumbe ni mwingi! Mmesikia? Anasema tafadhali!"

Kadiri Mwishehe alivyokataa, ndivyo utani ulivyonoga. Gregori akatia mkono, akavuta.

Bastola ikalia. Risasi ikatoboa sufuria ya pilau ya Chausiku, ikapasua nazi mbili, ikakata kamba ya nguo, ikaenda kumwangusha kunguru Kurasini. Alhamdulillahi, hakuna mtu aliyeumia.

Kesho yake Fakihi akampeleka Mwishehe polisi, akaisalimisha bastola. Alikaripiwa hadi kanzu ikaloa jasho. Lakini kwa kuwa ameileta mwenyewe, akaachiwa.

"Na wezi sasa?" akamuuliza Fakihi njiani.

"Tundika debe tupu mlangoni. Kila nyumba itundike lake. Ukisikia mwizi, piga. Ukisikia la jirani, piga lako na utoke na taa. Debe halina haja ya kufichwa."

Wezi walipokuja kwa Mwishehe, Chausiku akalipiga debe. Mtaa mzima ukaitika. Wezi walikimbia wakaacha kofia. Cherehani ile inashona hadi leo.

Mwandishi aliisoma habari hii barazani kwa Mwishehe, watu wakisikiliza. Alipomaliza, Chausiku akaingia ndani. Akatoka na sufuria yake, akaijaza maji. Haikuvuja hata tone.

"Tundu liko wapi, bwana mwandishi?"

"Labda lilizibwa."

"Na pilau ilitoka wapi? Umeandika mwenyewe, Mwajabu anachambua maharage."

Watu wakacheka. Mwandishi akajikuna kichwa.

"Sasa ilikuwaje?" akauliza.

"Haikulia," Chausiku akasema. "Gregori aliichomoa, akaona ni chuma, akadhani ni ya kuchezea watoto. Akamwelekezea Mwajabu, akabonyeza. Ikasema ka. Basi."

"Haikuwa na risasi?"

"Zilikuwemo. Polisi walizitoa mbele ya mume wangu."

"Kwa nini haikulia?"

"Hawakujua. Na sie hatujui."

Hapo hapakuwa na kicheko. Mwajabu alikuwa anashona kifungo, hakuinua kichwa. Mwishehe alishika kiuno chake, pale ilipokuwa.

Mwandishi akaenda kwake. Akarudi na jogoo mwekundu, miguu imefungwa. Chausiku akamwonyesha binti yake, naye akamkabidhi Mwajabu.