Nakupa Mutale

Hakuna mtu katika Élisabethville nzima aliyeijua kambi ya reli kama mimi: kila mlango, kila mama, kila kuku. Haya, nilikaa mstari mmoja tu wa nyumba, na kuku wenyewe walinishinda hesabu. Lakini habari ya Kabwe na mtoto wake ilitokea katika mstari huo, kwa hiyo nisikilizeni.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Kabwe alikuwa mke wa mvuvi wa Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Mvua zilipoanza, alipanda kamyo, akakaa juu ya magunia ya samaki, akaja mjini kula Noeli kwa dada yake Marie-Thérèse. Alikuja na binti yake Mutale, mtoto mdogo ambaye hajang'oka jino hata moja. Bwana wa Marie-Thérèse aliitwa Floribert. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, mtu wa kofia na maneno mengi.

Kabwe aliipenda kambi. Nyumba ni za matofali, maji yanatoka kwenye bomba, na majirani wanasalimia kwa adabu. Kila asubuhi alimwosha Mutale, akampa bukari, yaani ugali, akafungua mlango na kumwambia aende kucheza. Basi, malezi yameisha mpaka jioni. Kwao Kilwa ndivyo ilivyokuwa. Mtoto anatoka asubuhi, anarudi ameshibia kwa watu. Akikosea, anachapwa na mama yeyote aliye karibu, na mama mzazi anapita baadaye kushukuru.

Kambini mambo yalikuwa mengine, ila hakuna aliyemwambia. Mstari ule ulikaliwa na Waluba, Wabemba, Wasonge na watu wa Kasai. Ukimgombeza mtoto wa mwenzako, matusi yanakungoja bombani wiki nzima. Kwa hiyo kila mama alimwangalia wake. Wa jirani alipewa tabasamu, akaachwa apite.

Marie-Thérèse alijua kwamba mama wa mtoto yupo, basi mama anachunga. Kabwe alijua kwamba kambi imejaa wamama, basi kambi inachunga. Wote wawili walilala usingizi mzuri.

Siku ya Noeli, baada ya misa, ngoma zilianza kulia uwanjani. Dada wawili walikuwa jikoni na kuku wao. Nyama ilipoiva, Kabwe alitoka kumwita Mutale. Hakuitika. Aliita tena. Akaitika mbuzi.

Alianzia nyumba ya kwanza, kwa mama Wivine. Wivine alisema ndiyo, mtoto alipita. Alimsalimia, naye aliitika vizuri. Akamsifu Kabwe kwa kumfundisha adabu. Nyumba ya tatu alikuwapo baba Paulin, anapaka viatu rangi kwa ajili ya dansi. Yeye pia alimwona. Alimpa karanga, na mtoto alipokea kwa mikono miwili. Kabwe alishukuru, akaongeza mwendo. Mwisho wa mstari alimkuta mama Chola kwenye kiti chake.

"Nilimuona," alisema mama Chola. "Alipita na karanga yake. Nilifikiri munamutuma."

"Kumutuma wapi, mama? Huku kuko nini?"

"Huku hakuna kintu. Kuko tu mashimo ya matofali."

Kabwe aliacha viatu pale pale, akakimbia.

Mashimo hayo yalichimbwa na wafyatua matofali. Mvua zikinyesha, yanajaa maji. Siku za kazi mtoto hawezi kuyafikia, maana wafyatua matofali humfukuza kwa mabonge ya udongo. Lakini siku ya Noeli wafyatua matofali nao ni Wakristo. Walikuwa uwanjani wanacheza.

Nyuma ya Kabwe alikimbia mama Victorine, jirani wa nyumba ya mbele, ng'ambo ya barabara. Alikuwa akifundisha wanawake kushona na kuosha watoto wachanga kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake kambini. Alikuwa amesikia neno "mashimo" tu, na lilimtosha.

Mutale alikuwa ndani ya shimo. Udongo ulikuwa umemmeza mpaka kiunoni, umemshika kama gundi. Hatua moja mbele yake maji yalikuwa marefu, mtu mzima anazama mpaka kichwa. Hakuwa analia. Alikuwa ameinua ngumi moja juu ili karanga zisilowe.

Kabwe alitaka kuruka ndani. Victorine alimshika nguo na kumvuta nyuma. Ukingo ni laini, alimwambia, wakishuka wote utabomoka na kumfunika mtoto. Alijilaza juu ya tumbo, na nguo yake ya Noeli, akafungua kitenge, akakirusha mpaka kikamfikia Mutale.

"Kamata na mikono mibili, mama yangu," alisema.

Mutale aliangalia kitenge, akaangalia ngumi yake. "Niko na karanga."

"Tupa!" alilia Kabwe.

"Hapana. Ni ya baba Paulin."

Ukingo ulianza kumeguka chini ya kifua cha Victorine. Kabwe alipiga magoti, akatafuta sauti ile anayoitumia nyumbani wakati wa kula. "Basi kula yote, Mutale. Yote mara moja."

Mutale alijaza karanga mdomoni, mashavu yakavimba. Akashika kitenge kwa mikono miwili. Walivuta polepole. Udongo ulimwachia kwa sauti mbaya, ukabaki na kiatu kimoja.

Walimwosha bombani. Victorine alimimina maji kwa ndoo ya Marie-Thérèse. Kabwe alipopata pumzi, hasira ilikuja. Akaanza kuwatukana watu wa mjini. Watu gani hawa? Wanamwona mtoto anaenda kufa, wanampa karanga.

Victorine hakubisha. Alikamua kitenge chake, akauliza jambo jingine kabisa.

"Kule Kilwa, kama samaki iko inakauka ku chanja, nani anachunga?"

"Mwenye fimbo," alijibu Kabwe. "Imbwa iko, mwewe iko. Tunapashana fimbo. Ule iko nayo njo anachunga."

"Na kama anachoka?"

"Anaita mwenzake na jina. Anamupa fimbo mu mukono. Hawezi kuiacha chini."

"Wanawake ni wengi kule. Juu ya nini bote basichunge?"

Kabwe alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa neno la kitoto. "Mama Victorine, kama bote banachunga, imbwa njo inakula."

Kisha akageuka. Alimtazama Mutale, aliyekuwa anatafuta kipande cha karanga kati ya meno.

Victorine aliendelea kwa sauti ya chini. Kule Kilwa, alisema, huenda kuna bibi fulani anayemfuata Mutale kwa macho kila siku, na Kabwe hajui. Kambini bibi huyo hayuko. Na siku ya sikukuu ndiyo mbaya zaidi. Watu ni wengi, macho ni mengi, lakini yote yanatazama ngoma. Mtoto mdogo anataka mtu mmoja mwenye jina. Anayemwacha aseme, "Nakupa." Anayemchukua ajibu, "Nimepokea." Mkono wa mtoto utoke katika mkono huu, uingie katika ule. Kama hakuna aliyejibu, hujampa mtu.

Walianza siku ile ile. Marie-Thérèse aliona haya kidogo. Floribert alicheka mezani mpaka mfupa wa kuku ukamkwama.

"Mambo ya bazungu," alisema alipopona. "Sisi bote tulikomaa bila kuchungwa, na tuko hapa."

Victorine alikuwa amepita kurudisha ndoo. "Ni kweli, baba Floribert. Bale habakukomaa, utabasikia wapi?"

Floribert alirudi kwenye kuku wake.

Siku zilizofuata mstari ulizoea. Mama Wivine alikuja mwenyewe kuuliza kama anaruhusiwa kumkemea Mutale akielekea kwenye mashimo. Kabwe alimwambia amkemee, na akimchapa atashukuru. Baada ya hapo Wivine naye alianza kumpa Kabwe watoto wake anapoenda bombani: nakupa, nimepokea. Wafyatua matofali waliporudi kazini, Victorine aliwaomba wazungushie shimo lile miiba. Walifanya hivyo.

Siku ya Mwaka Mpya dada wawili walitaka kwenda sokoni. Floribert alikuwa nyumbani, kwenye kiti chake mlangoni. Kabwe alimleta Mutale, akaweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wa shemeji yake.

"Shemeki, nakupa Mutale."

Floribert aliangalia pembeni. Lakini Kabwe hakuondoka.

"Nimepokea," alisema Floribert. "Muende. Mutanikuta hapa hapa."

Dada walinunua mihogo na ndizi. Walipokuwa wanarudi, Kabwe alitaka kumwachia Victorine ndizi chache, basi walipita kwake kwanza. Wakamkuta Mutale juu ya mkeka, anachezea vifungo. Victorine aliwaeleza kwa utulivu. Timu ya karakana ilikuwa inacheza mpira. Floribert alianza kuzunguka kiti chake kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe alivuka barabara na mtoto, akaangalia kama kuna mtu anamwona, akasema, "Mama Victorine, nakupa Mutale." Alingoja mpaka akajibiwa. Ndipo akakimbia, kofia mkononi.

"Alisema neno?" aliuliza Kabwe.

"Alisema yote."

Kabwe alimpokea mtoto kwa mkono, akamfunga mgongoni na kitenge, wakavuka barabara.

Floribert alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, miguu imenyooka. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la uwanja, na pumzi yake ilikuwa bado haijatulia. Kabwe alisimama uso kwa uso naye, akamuuliza habari za mtoto.

"Aa, ule hana shida," alisema Floribert. "Sikutoka hapa hata kwenda kukojoa. Nilimusimulia hadisi, nikamulalisha mwenyewe ku kitanda. Museme pole pole, iko nalala."

"Siko nalala," ilisema sauti ndogo mgongoni mwa Kabwe.