Plagi ya Silinda ya Tatu

Mimi ni mtu wa kinyaa. Watu hunicheka, fundi gani wa magari ana kinyaa, lakini ndivyo nilivyo. Mikono nitaitia kwenye oili chafu hadi viwiko, ila kikombe alichonywea mtu mwingine sikigusi. Kwa dada yangu ndiyo kabisa. Yeye na mumewe hunywa chai kikombe kimoja, huyu anapiga funda, yule anamalizia, mwaka wa kumi na mbili huu. Nikiwa pale huwa nageuza uso.

Jioni hiyo jua lilikuwa linazama, nafagia gereji nifunge, shemeji akaingia na gari lao. Nililisikia tangu kona. Lilikuwa linamisi. Linakwenda, linakwenda, linaruka pigo, linatikisika lote kama mtu mwenye kwikwi.

"Shemeji, nitengenezee leo hii," alisema. "Asubuhi nampeleka dada yako hospitali."

Dada alikuwa anaumwa moyo, wiki ya tano sasa. Madaktari walimpima hadi wakachoka. Jumapili nilimshika mkono mwenyewe nikahesabu mapigo. Moja, mbili, kimya, nne. Hajala siku nyingi, vidole vimekuwa vijiti. Sikumwambia mtu, lakini nilitoka pale najua tunamzika.

"Badilisha plagi tu," shemeji akanong'ona. "Ya tatu."

Huyu bwana hajui hata maji ya rejeta yanatiwa wapi. Nikajua amebahatisha.

Nilifungua boneti, injini ikiunguruma. Nikachukua koleo, nikachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikalegea, ikataka kuzima, maana yake silinda hiyo inafanya kazi. Nikaurudisha. Ya pili, vilevile. Ya nne, vilevile. Nikachomoa ya tatu...

Hakuna kilichobadilika.

Silinda ilikuwa imekufa. Waya mzima, cheche zinaruka, basi imebaki plagi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema: ukitaka uhakika, ihamishie plagi hiyo silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, umeupata.

Nilizima injini nikaingiza spana. Plagi ilizunguka kilaini mno, kama imepakwa mafuta ya kupikia. Kisha ikaja harufu. Kwanza nywele zilizoungua. Halafu, chini yake, harufu ya mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kupiga mswaki. Nikabana pumzi, nikavuta.

Plagi njema hutoka kavu, rangi ya udongo. Hii ilitoka na kitu cheupe chenye wekundu, laini, kimeing'ang'ania kama ufizi. Tena injini iliyozimwa sasa hivi inaunguza, lakini plagi hii ilikuwa vuguvugu tu.

Hapa ndipo nilipokosea. Yule mzee alituzoesha kuonja. Petroli huwasha ulimi, maji ya rejeta ni matamu, oili hukwama tu kinywani. Miaka ishirini nimeonja plagi za watu, na kinyaa changu chote hakijawahi kunizuia. Mkono hauulizi tena. Kidole kilipita kwenye ule uteute, kikaja mdomoni.

Ladha ya jino bovu la mtu mwingine.

Nilitema. Nikatema tena. Macho yakajaa machozi, na katika machozi hayo nikaona plagi haikutoka peke yake. Unywele ulikuwa unaifuata kutoka kwenye tundu. Nikauvuta. Ukaja mwingine. Likaja fungu zima, refu, linadondosha ute, limeungua ncha tu. Katikati lilifungwa uzi wa zambarau.

Dada husukia uzi wa zambarau.

Fungu lilikuwa linadunda kiganjani mwangu. Nililitupa kwenye beseni la petroli, likajikunja... likatulia.

"Shemeji, hiki nini?"

"Weka plagi mpya," alinong'ona. Alikuwa amesogea karibu. "Umeonja?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Nimeona huwa unaonja."

Nikaweka plagi mpya, nikawasha. Injini ikatulia kabisa. Shemeji hakuiangalia injini, aliuangalia mdomo wangu. Simu yake ikalia, nikaisikia sauti ya dada kutoka pale nilipo. Ameamka. Ana njaa. Moyo umetulia, sijui imekuwaje. Shemeji akaegemea mlango wa gari akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo silikatai.

Nilisukutua kwa chumvi, kwa dawa ya meno, mwisho kwa sabuni. Ladha haikutoka. Siku ya tatu, nikiwa nimelala chini ya gari la mteja nakaza nati, nikausikia moyo wangu. Pigo la kwanza likaja, la pili likaja. La tatu halikuja.

Ugonjwa ulikuwa umehama. Nani aliuweka kwa dada, sijui hadi leo. Ninachojua ni nani aliyeijua silinda kabla sijaifungua, na nani alihitaji mtu mwenye tabia ya kuonja. Nilikasirika.

Jana shemeji alisema atapita gereji jioni kunishukuru. Nikamtengea chai kikombe kimoja. Nikapiga funda bila kumeza, polepole nikaizungusha mdomoni pande zote, kisha nikairudisha kikombeni. Hata kuandika hivi kunanichefua. Akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akakipokea kikombe. Kabla hajakifikisha mdomoni, akaingia mtu nyuma yake.

Dada. Amenawiri, amesuka upya, anatembea kwa miguu yake.

Akanyoosha mkono akakichukua kikombe cha mumewe, kama kawaida yao.

Nikamnyang'anya. Nikainywa yote, na majani yake.

Dada akacheka hadi akashika ukuta. "Leo wewe, mdogo wangu, unanywea kikombe cha mwenzako? Kinyaa kimekwenda wapi?"

Shemeji hakucheka. Alikuwa anautazama mshipa wa shingo yangu, midomo inachezacheza bila sauti. Nilikuwa naweza kusoma anachohesabu.

Moja. Mbili...

Nne.