Kisima Kinachotia Meno Kutu

Kwa habari za meno mimi si mtu wa kufundisha. Nimebakiwa na manne, na hata hayo hayaonani. Kwa hiyo kwangu sikieni kisa tu, mafunzo mtayapata kwa Koleo, yuko njiani anakuja.

Palikuwa na fundi cherehani, bibi wa wajukuu wawili aliokaa nao kwa sababu wazazi wao walifanya kazi mbali. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, mlango wazi, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni. Kwake hapakuwa na oda ya mdomo. Zamani mteja mmoja aliagiza gauni la mikono mirefu, kisha akaja kuapa kwamba aliagiza mifupi. Tangu siku hiyo kila mteja aliandika mwenyewe anachotaka, na karatasi ikachomekwa kwenye msumari ukutani. Fundi alisoma vipimo tu. Maneno mengine ya wateja aliyaita porojo.

Mjukuu mdogo alikuwa na miaka minne. Walimwita Fagio, maana sahani ikipita kwake haibakizi kitu. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na alisoma kama redio. Shule ilipotarajia wageni, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwasomea maneno ya kuwakaribisha. Bibi akamshonea sketi mpya ya marinda kumi na sita.

Siku tatu kabla ya wageni, mtoto alirudi nyumbani amefumba mdomo.

"Vipi, umemeza pini?" bibi akauliza.

Mtoto hakucheka. "Wameniondoa, Bibi. Atasoma mtoto wa mwenyekiti."

"Kwani yule anajua kusoma?"

"Anasoma kwa kusukumwa. Lakini mwalimu mkuu hataki wageni waone meno yangu. Kasema mbele ya darasa zima, nyumbani kwetu hatujui mswaki."

Bibi akaondoa mguu kwenye pedeli. Ni kweli, meno ya mtoto yalikuwa na michirizi ya kahawia, kama bati lililoshika kutu. Lakini karibu watoto wote wa mtaa walikuwa hivyo hivyo. Watatu tu walikuwa na meno meupe kama sahani za dukani, nao ni watoto wa mwenyekiti wa kamati ya maji. Kila muhula mwalimu mkuu aliwasimamisha mstarini. "Igeni watoto wa mwenyekiti," alisema. "Kwao kuna nidhamu."

Nyumbani kwa fundi mswaki ulipigwa asubuhi na jioni, mvua inyeshe jua liwake. Ndiyo maana neno lile lilimchoma. Jioni ile alichukua majivu na mchanga laini, akamsugua mjukuu meno mpaka fizi zikatoa damu. Kahawia haikutoka. Fagio akapakiwa dawa ya meno kutoka mwanzo wa mswaki hadi mwisho, akaambiwa ameze, ikasafishe na ndani. Na maji ya kunywa, ambayo siku zote aliyachemsha, leo aliyaacha motoni mpaka sufuria ikabaki nusu.

Kilio cha mtoto kilivuka ukuta. Jirani akaingia, hodi ikiwa bado mdomoni. Alikuwa mhudumu wa meno wa zahanati, mgeni wa miezi miwili tu pale mtaani. Kwa kazi yake ya kung'oa, watu walishampa jina: Koleo.

"Bibi Fundi, siku hizi unashona fizi?"

"Nasafisha. Mjukuu wangu ameaibishwa."

Koleo akamwangalia mtoto kinywani kwa tochi ya simu. "Huu si uchafu, Bibi. Ukisugua mpaka mwakani utamaliza jino, doa utaliacha. Limo ndani ya jino lenyewe."

"Limeingiaje?"

"Kwa maji ya kisima. Chini huko kwenye miamba kuna madini yanaitwa floraidi. Mtoto akiyanywa mengi mno wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, linaota tayari limeharibika. Na mtu akiyanywa mengi miaka nenda miaka rudi, hata mifupa inamuuma."

"Ndiyo maana mimi nachemsha."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kijidudu, haina roho ya kutoka. Ukichemsha maji ya chumvi yakapungua, chumvi inakwenda wapi?"

Fundi akafikiri. "Inabaki. Inakolea."

"Basi ndivyo ulivyowakolezea wajukuu."

Fundi akakaa chini. Miaka yote ile ya kuni na moshi, kumbe alikuwa akiwapikia madhara, kwa mikono yake, kwa mapenzi yake. Na hakuna aliyemwambia. Alitafuta kitu cha kukasirikia, akaona boksi la dawa ya meno. Koleo alipomwonyesha kwamba hata humo kuna sodiamu floraidi, alilinyakua akaelekea kwenye pipa la taka.

"Rudisha," Koleo akasema. "Hiyo ni ya ukoo uleule, lakini imewekwa kwa kipimo. Ikipakwa juu ya jino inalikinga lisitoboke. Kazi yake ni kusugua na kutema. Fagio umpakie kiasi cha punje ya njegere, umsimamie, ateme. Asimeze."

"Kitu kimoja, dawa na sumu?"

"Pasi yako ikoje? Moto wa kiasi unanyoosha sare. Ukizidisha?"

"Inaunguza."

"Basi floraidi ni hivyo hivyo. Kuna nchi ambazo maji yao hayana floraidi ya kutosha, wanatia kidogo kwa makusudi. Na wanabishana kila siku. Hawa wanasema inaokoa meno ya watoto. Wale wanasema mtu asitiliwe dawa kwenye maji bila kuulizwa."

"Sisi nani alituuliza?"

"Sisi katutilia mwamba, Bibi, na mwamba hauna ofisi. Lakini kupima maji na kutuambia, hiyo ni kazi ya watu wenye ofisi."

Koleo akapeleka chupa ya maji ikapimwe mjini. Baada ya wiki alirudi na majibu, uso umemkunjamana. "Inatakiwa isizidi miligramu moja na nusu kwa lita. Kisima chetu kina sita. Na mpimaji kaniuliza kwa nini tunarudia. Kilipimwa miaka kumi na miwili iliyopita. Majibu alichukua mwenyekiti."

"Miaka kumi na miwili," fundi akasema. "Huyu mkubwa alikuwa bado ananyonya."

Usiku ule alishusha karatasi zote za msumarini, akazisoma pamoja na porojo zake. Alifunga mfereji wa bati chini ya paa na kuweka mapipa mawili yenye vifuniko. Mvua ya kwanza aliiacha ioshe paa na kumwagika. Iliyofuata aliikinga, akaichuja, akaichemsha kidogo tu, mpaka itokote. Ikawa ya kunywa na kupikia. Maji ya kisima yakabaki ya kufulia na kuogea.

Mbele ya safari mambo yalitengemaa. Shule na zahanati zilipata matangi makubwa ya mvua, na bomba la kisima likaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba si la kunywa. Meno ya mkubwa hayakubadilika. Koleo alimwambia kweli tangu mwanzo: jino likishaota hivyo, maji mazuri hayalifuti. Fagio naye meno ya mbele yaliota na michirizi, lakini alipotimiza miaka kumi na miwili, magego ya nyuma, yaliyokuwa bado yanajengwa siku zile, yaliota meupe kama vifungo vya shati jipya. Naye aliyaonyesha hata kwa mbuzi.

Ila nimewakimbiza. Matangi hayo hayakuja yenyewe, yalianzia kwenye mkutano wa mtaa. Turudi huko.

Watu walijaa darasani. Mwalimu mkuu alikaa mbele. Mwenyekiti alikaa mezani, glasi ya maji ya kisima mbele yake. Koleo akasoma majibu, darasa likavuma.

Mwenyekiti akainuka taratibu. "Ndugu zangu, karatasi ile niliipata, sikatai. Sikuona ubaya wake. Ningewatisha bure? Mimi mwenyewe na wanangu tunakunywa maji ya kisima hiki hiki. Tazameni meno yao."

"Na lile tangi la mvua nyuma ya nyumba yako?" akauliza mzee mmoja muuza mkaa.

"Lile ni la kumwagilia maua."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameyaona maua.

Fundi akanyoosha mkono. Miwani ilikuwa imemkaa juu ya kilemba, lakini alisema ameisahau nyumbani. "Nina karatasi ndogo hapa, imetoka kwenye msumari wangu. Naomba mjukuu wangu anisomee."

Msichana akasimama na sketi yake ya marinda kumi na sita. Akamtazama mwalimu mkuu, kisha akafungua mdomo wote, kahawia yote ikaonekana, na sauti ikafika mpaka dirisha la nyuma.

"'Fundi, nishonee vichujio viwili vya mdomo wa tangi la mvua. Upana sentimita arobaini. Safari hii tumia kitambaa kizito. Cha mwaka jana kilipitisha uchafu, wanangu wote watatu wakaumwa matumbo.' Imetiwa sahihi. Mwenyekiti, kamati ya maji."



"Mwenyekiti," fundi akasema kwa upole, "hayo maua yako yanakwenda darasa la ngapi?"

Mwenyekiti akakohoa, akakohoa tena. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Labda koo limekauka," Koleo akasema. "Kunywa maji kwanza, baba. Tunakusubiri."

Watu wote wakaitazama ile glasi. Tangu asubuhi ilikuwa palepale, imejaa mpaka ukingoni.