Vipimo Vilivyowafikia Watu Wote

Mama Vifungo ni fundi wa nguo. Hushonea sebuleni, karibu na dirisha. Mume wake hukata vitambaa dukani, mtaa wa pili. Kila asubuhi mke humtumia mume vipimo kwa simu, naye hukata.

Mwaka huu chama cha mafundi kilifungua kikundi kwenye simu. Matangazo yote yakahamia huko. Siku moja likaja tangazo kubwa: hospitali inataka sare za wauguzi. Kila fundi atume kikundini picha ya kazi yake kabla ya Ijumaa.

Mama Vifungo alikuwa amechoka kubandika viraka na kubadilisha zipu. Aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote.

Jumatano asubuhi aliandika mbio mbio: "Gauni la mwalimu. Kiuno inchi hamsini na mbili. Usibane, ana tumbo." Akatuma.

Ujumbe haukwenda kwa mume. Ulikwenda kikundini, kwa mafundi sitini!

Simu ikalia mfululizo. Watu walikuwa wanacheka. Mama Vifungo akajitoa kikundini, akaitupa simu kwenye kapu la vitambaa.

Jirani yake, mkunga, alipokuja kuchukua gauni lake alimkuta na macho mekundu.

"Kulikoni, jirani?"

"Nimeumbuka! Vipimo vya mteja nimevituma kikundini. Mimi na simu basi. Uzee na mambo haya wapi na wapi?"

"Uzee gani, na uzi unatunga bila miwani? Lete simu. Mimi mwenyewe nilimtumia daktari mkuu picha ya miguu yangu, nikidhani namtumia dada."

Mama Vifungo akacheka bila kutaka.

Mkunga akamweleza polepole. "Kabla ya kutuma, soma jina lililo juu. Huko ndiko ujumbe unakokwenda. Ukikosea, bonyeza ujumbe, ushikilie, uufute kwa wote. Fanya upesi. Na siri ya mteja usiiweke kikundini kamwe. Ule wa asubuhi, mwombe katibu wa chama aufute, halafu akurudishe."

Katibu alikubali yote mawili. Kazi ngumu ilikuwa kumpigia mwalimu. Mwalimu alinuna kwanza, kisha akasema, "Kiuno changu wanakiona kila siku barabarani. Ila usirudie, fundi."

Jioni walifungua kikundi kidogo cha watu watatu: fundi, mume na mkunga. Mama Vifungo akatuma picha ya sindano, akaifuta. Akatuma ya mkasi, akaifuta. Mume akaandika, "Mke wangu, leo tunakula picha?"

Alhamisi aliliazima gauni la mkunga, akaligeuza nje ndani, akalipiga picha dirishani. Wengine walionyesha maua na lebo. Yeye alionyesha mishono, maana nguo ya hospitali hufuliwa kila siku. Akasoma jina la juu. Akalisoma tena. Akatuma.

Jumatatu katibu aliandika: "Hospitali imependa mishono ya ndani. Kazi ni ya Mama Vifungo."

Mama Vifungo alipiga vigelegele mpaka mkunga akatoka nje na taulo kichwani!

Alasiri, fundi mmoja wa suti, mtu wa maringo, alibisha hodi. Alikuwa ameshika simu kama yai.

"Dada, picha yangu haikufika kikundini. Nilimtumia mama mkwe. Nifundishe."

Mama Vifungo akasogeza vitambaa pembeni, akampa kiti.

"Karibu, fundi. Hata mimi nilikosea. Haya, nisomee jina lililo juu."