Maskini Mkewe

Saa tatu asubuhi, soko la mji wa Ruse likiwa limejaa watu na magunia ya pilipili nyekundu za kuoka, Veselina alikuwa mbele ya mlango wa duka la mikate akikwangua karatasi ya tanzia kwa kucha. Alivaa koti la marehemu baba yake, refu mpaka magotini, na ndani yake gauni la kulalia, maana asubuhi hiyo hakupata hata nafasi ya kujitazama kwenye kioo. Gundi ilikuwa bado mbichi. Uso wa mzee kwenye karatasi ulikwisha kuchanika nusu.

"Dada," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake, "hiyo nimeibandika sasa hivi. Ungeniacha basi hata nifike kwenye kona."

Aligeuka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu za siku mbili na sweta ya kijani iliyokakamaa kwa gundi, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine brashi. Alikuwa na macho ya mtu asiye na haraka. Veselina hakukumbuka mara ya mwisho kuwa hivyo, na macho yale yalimuudhi papo hapo.

"Ni baba yangu," akasema. "Namchana ninavyotaka."

Mjini kwao marehemu hawaachwi wakapumzika. Siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, mwaka na nusu, picha zao hurudi kwenye milango na nguzo za stendi, na jamaa asiyezibandika husemwa mpaka achoke. Aliyeagiza hizi, za miaka miwili, ni baba mdogo Tinko, aliyempenda kaka yake na kutaka mji mzima ujue hivyo. Shida ilikuwa mama Nevena. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemfutia kifo cha mumewe, kwa hiyo kila alipokutana na karatasi alifiwa upya. Angepiga yowe, angekaa chini barabarani, na ikifika jioni sababu imeshamtoka kichwani, kimebaki kilio peke yake. Kwa hesabu ya Veselina, mama yake alikuwa amefiwa na mume mmoja mara kumi na moja.

Yule mwanamume alisikiliza mpaka mwisho. Jina lake Ognyan, na kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko kilikuwa chake. Akauliza ameshatoa ngapi. Tisa, akajibiwa.

"Zilikuwa kumi na nne," akasema, akatoa kikwangulio mfukoni. "Twende. Ile ya duka la dawa nimeipaka gundi vibaya sana, peke yako huiwezi."

Ndivyo walivyoanza kupendana, wakikwangua.

Ognyan alikuwa akipiga simu baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mama Nevena husinzia kwenye kochi. Veselina alikuwa akirekebisha magauni ya maharusi nyumbani, apate kumwangalia mama huku anafanya kazi, hivyo mara nyingi alijibu akiwa na pini mdomoni.

"Uko hai, roho yangu?"

"Nusu."

"Nusu ipi, nije niichukue?"

"Iliyochoka. Ile nyingine naihitaji."

Siku alizokuja mwenyewe, mama Nevena alimdhania fundi wa mita ya maji na kumpeleka bafuni moja kwa moja. Ognyan alichuchumaa, akasoma namba kwa sauti, akamsifu kwamba hatumii maji ovyo. Mama alifurahi, akamkatia mkate wa jibini, akamwambia Veselina amwangalie vizuri huyu fundi, ana adabu. Veselina alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kucheka kulimchosha kama kufua mablanketi. Mara moja tu walitoka wawili. Alivaa gauni la rangi ya cheri alilojishonea zamani bila kupata pa kulivalia, wakafika ukingo wa mto, wakakaa mkahawani. Hata kahawa haijapoa, jirani akapiga simu: mama amefungulia gesi bila kuwasha moto.

Mwezi wa pili Ognyan alimshika mkono mezani akaona alama nyekundu imezunguka kifundo. Veselina akaeleza bila kumtazama. Ni kamba. Akilala hujifunga na mama yake, mama akiinuka na yeye ashtuke. Ameanza tangu siku ile mama alipotoka na ndara kwenye theluji.

Ognyan alipitisha kidole juu ya ile alama.

"Vesi," akasema, "wakati umefika."

"Wakati wa nini?"

"Unajua. Kuna makao ya wazee nje ya mji, yana bustani, na wauguzi wake wanaijua kazi. Nimekwenda kupaona."

Hapo ndipo alipokosea. Hakujua kwamba daktari alipoutaja ule ugonjwa kwa jina, mama Nevena, akili zikiwa bado zake, alimshika binti yake mikono yote miwili akamwomba asimpeleke kwa watu asiowajua. Veselina aliapa. Kiapo hicho ndicho kilichokuwa kikimwamsha kila siku, na ndicho kilichokuwa kikimmaliza.

"Umekwenda kupaona," akasema, akautoa mkono wake. "Na kitanda cha mama yangu je, umeshakipima? Umekipenda?"

"Nakuonea huruma wewe."

"Unajionea huruma mwenyewe. Umechoka kusoma mita, sema. Toka, na mlango wangu usiukaribie tena."

Ognyan alivaa koti. Mama Nevena alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamshukuru kwa kazi.

Wiki tatu zikapita bila simu. Veselina alimkumbuka mno, na hakuwa na nguvu za kumkumbuka. Alishona mkono wa gauni la bibi harusi mmoja ndani nje, akafumua, akashona, akakuta amerudia kosa lile lile.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alishuka mara moja kununua maziwa, na aliporudi akakuta uso wa baba yake mzima mzima kwenye mlango wa jengo lao. Miaka miwili na nusu. Damu ikampanda kichwani, akapiga simu pale pale.

"Umenikomoa, sivyo?"

"Siyo mimi," Ognyan akasema. Alisikika anahema. "Mzee Tinko alikuja kwangu mara tatu, nikamkatalia mara tatu. Amekwenda kuchapisha kwingine. Tangu alfajiri nakwangua, vidole sivisikii. Nimemaliza mtaa wote."

"Na mlango wetu?"

"Uliniambia nisiukaribie."

Veselina akaigeukia karatasi. Kabla hajainua mkono kuichana, mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mama Nevena akatoka, kajifunga kitambaa kichwani, miguuni soksi tupu. Kumbe kule juu Veselina hakufunga kwa ufunguo. Mama akasimama mbele ya karatasi. Veselina akaweka maziwa chini, akatanua mikono tayari kumdaka.

Mama alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata jina herufi kwa herufi, kisha akaigusa picha shavuni.

"Mwanamume mzuri," akasema. "Maskini mkewe."

Akamgeukia Veselina, mpole kabisa, mbele ya mlango alioingia na kutoka kwa miaka arobaini.

"Dada, samahani. Basi la kwetu linapita hapa?"

Miaka yote hiyo Veselina aliomba mama yake asiitambue sura ile, na sasa angetoa chochote asikie lile yowe. Halikuja. Mama alikuwa ameomba asipelekwe kwa watu asiowajua, na hapa alipokuwa hakumjua hata mmoja. Veselina akaketi kwenye ngazi. Simu ilikuwa bado mkononi.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mpenzi."

"Twende ukanionyeshe hayo makao. Lakini siyo leo. Leo njoo tu."

Walimpeleka mwezi wa nne, Jumanne, kwa gari la Ognyan. Kwa wiki nzima Veselina alikuwa ameshona jina la mama yake kwenye kola ya kila nguo, kwa mishono midogo ya maharusi. Alizipanga kabatini moja moja, polepole, maana zikiisha hatakuwa na kazi nyingine pale. Mama Nevena alikaa kitandani akimwangalia, akamsifu kwamba ana mkono mzuri. Kisha kikamwingia kitu, akakunja uso.

"Na wewe binti, mama yako anajua uko wapi?"

Veselina akafunga mlango wa kabati. "Anajua," akasema.

"Basi nenda, mwanangu. Usimweke roho juu." Akamsukuma begani, kwa upole, mpaka akatoka chumbani.

Alilia kwenye korido, akalia uani, akaingia garini akalia mpaka machozi yakakauka. Ognyan hakuwasha gari.

"Kuna jambo nataka kukuuliza," akasema. "Nimelikalia tangu zile pilipili za sokoni."

"Kama ni la ndoa, niulize nikiamka."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala mdomo wazi, kama mtu aliyezimwa. Ognyan alimfunika kwa sweta yake. Aliogopa mtikisiko wa injini ungemwamsha, basi akakaa naye pale pale uani, jua likatoka upande mmoja wa gari likahamia wa pili. Veselina alishtuka saa tisa, mkono ukipapasa kiti.

"Mama amekula?"

"Amekula supu, akaomba nyingine. Nimewapigia simu kuuliza."

Veselina akakaa wima. Akajifuta mate shavuni, akaweka nywele zake sawa kwa vidole.

"Haya," akasema. "Niulize."